UZI: Chuo kinaruhusiwa kupeleka serikalini taarifa za ulemavu wa mwanafunzi?

#1 MamaKelvin
Habari zenu wanajukwaa. Nipo Sacramento, California, mwaka wa kumi na moja sasa. Kuna jambo linaniumiza kichwa tangu Jumatatu, naomba wenye kujua wanisaidie.

Mwanangu wa mwisho ana miaka 19, ameanza chuo cha jamii hapa, yaani vile vyuo vya umma vya miaka miwili. Tangu darasa la tatu alikuwa na ule mpango maalumu wa elimu shuleni kwa sababu ya kusoma: herufi zinamchanganya, mstari mmoja anaurudia mara tatu. Hesabu anatuzidi wote nyumbani. Basi Jumatatu tukaenda ofisi ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu akaombe muda wa ziada kwenye mitihani. Tukapewa fomu yenye orodha ya makundi: uziwi, kutoona, usonji, ulemavu wa kujifunza, afya ya akili na mengine. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba taarifa zitapelekwa kwenye ofisi ya jimbo inayosimamia vyuo vya jamii.

Kijana alikuwa ameshashika kalamu. Akaifunika, akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Tulipofika kwenye gari akaniambia, "Mama, shuleni wamenihesabu miaka yote ile. Nilidhani nimemaliza."

Sasa nauliza. Je, ni lazima? Jina lake linafika huko jimboni? Na mbona nimekuwa nikisikia kwamba Marekani ni marufuku chuo kumuuliza mtu ulemavu wake?

#2 Nyakato
Nakaa hapa nisubiri wajuzi. Mdogo wangu anaanza mwakani, naye ni hivyo hivyo.

#3 Wakili wa Kijijini
Mama Kelvin, pole. Nianze na swali la mwisho, ndilo linalochanganya wengi.

Marufuku ipo, ila ina mahali pake. Inatokana na Kifungu cha 504 cha sheria ya utengamao ya 1973. Kanuni zake zinakataza chuo kumuuliza mwombaji kama ana ulemavu KABLA ya kumpokea, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano chuo kinaporekebisha ubaguzi wake wa zamani, na hata hapo kujibu ni hiari. Akishapokelewa, chuo kinaweza kuuliza, kwa siri, ili kimhudumie. Kijana wako ameshapokelewa, na yeye ndiye aliyekwenda kuomba. Kwa hiyo fomu haijavunja sheria hiyo.

Na kanuni hizo hazikuja kwa hisani. Sheria ilipita 1973, serikali ikakaa miaka bila kusaini kanuni. Aprili 1977 watu wenye ulemavu waliingia jengo la serikali kuu San Francisco wakakataa kutoka. Viti vya magurudumu, viziwi, wasioona, wanaohitaji kugeuzwa usiku ili wasipate vidonda, wote wakalala humo wiki zaidi ya tatu. Judy Heumann alikuwa mmoja wa viongozi wao. Chakula cha moto walikuwa wakipelekewa na Black Panthers, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Tarehe 28 Aprili waziri akasaini. Kwa hiyo hicho kinachomlinda mwanao mlangoni mwa chuo kina watu waliokilalia sakafuni.

#4 Dawati la Tatu
Nafanya kazi kwenye ofisi kama hiyo, chuo kingine humu humu California, mwaka wa nane. Nitaeleza kinachofanyika hasa.

Vyuo vya jamii hapa viko 116. Kila muhula chuo kinapeleka faili kwenye ofisi kuu ya mfumo huko Sacramento. Ndani ya faili kila mwanafunzi aliyesajiliwa kwetu ana mstari wake: namba ya utambulisho, msimbo wa kundi kuu la ulemavu, la pili kama lipo, na idadi ya mara alizohudumiwa. Barua ya daktari haiendi. Maelezo ya saikolojia hayaendi. Hayo yanabaki kwetu, tena kwenye faili tofauti na lile la alama, na mwalimu wa darasa hayaoni. Mwalimu anapata barua moja tu: mwanafunzi huyu apewe muda mara moja na nusu.

Kwa nini wanataka? FEDHA. Tangu miaka ya 70 jimbo hili lina fungu maalumu la huduma hizi, na fungu linagawanywa kwa idadi ya vichwa. Tena makundi hayana uzito sawa. Kiziwi ana uzito mkubwa kuliko wengi, kwa sababu mkalimani wa lugha ya alama analipwa kwa saa. Ili ahesabiwe, mwanafunzi awe na uthibitisho wa ulemavu na mpango wa huduma ulioandikwa. Asiyesajiliwa hahesabiwi hata kama yupo mbele yangu na fimbo nyeupe.

Na ni hiari. Hakuna anayelazimishwa kuja kwetu.

#5 MamaKelvin
Asante Dawati. Kwa hiyo jina haliendi?

#6 Dawati la Tatu
Jina na maelezo ya ugonjwa haviko kwenye mstari ule niliousema. Inakwenda namba.

#7 Takwimu Mzee
Samahani Dawati, hapo tusimdanganye mama. Namba ya utambulisho ni jina lililovaa kanzu. Faili lile lile la muhula lina mistari mingine yenye kozi alizosoma, alama, umri, na yote inaunganishwa kwa namba hiyo hiyo. Aliye na ruhusa ya kulifungua anamjua mtu. Kinachotolewa hadharani ndicho kisicho na majina: jumla za kila chuo, kila kundi.

Sisemi ni vibaya. Nasema aambiwe ilivyo.

#8 Dawati la Tatu
Nimekubali, Mzee. Nilitaka kumtuliza, nikakata kona.

#9 Bwana Mkubwa Tegeta
Mimi niliambiwa Washington inapokea majina ya wote wenye ulemavu wa vyuo vyote nchini. Ndiyo maana watu wanaogopa. Fanya mchezo na serikali za wenzetu!

#10 Wakili wa Kijijini
Hapana mkuu, hilo si kweli. Serikali kuu inachotaka ni kidogo mno, na wengi wanalalamika kwamba ni kidogo kupita kiasi. Tangu marekebisho ya sheria ya elimu ya juu ya 2008, kila chuo kwenye ule uchunguzi wa mwaka wa wizara ya elimu kinajibu swali moja: asilimia ya wanafunzi wa shahada ya kwanza na ngazi zilizo chini yake waliosajiliwa rasmi kwenye ofisi ya ulemavu. Ikiwa ni 3 au chini yake, unaweka alama kwenye kisanduku cha "asilimia 3 au pungufu", basi. Ikizidi, unaandika asilimia. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna aina ya ulemavu. Wa uzamili na uzamivu hawamo kabisa.

Mengine yote ni ya majimbo, na kila jimbo lina lake. California inataka mstari kwa mstari kutoka vyuo vya jamii kwa sababu inavilipia. Chuo binafsi barabara hiyo hiyo hakimo kwenye mpango huo.

#11 Takwimu Mzee
Na hapo ndipo inapoingia hesabu niliyoifanyia kazi muda mrefu. Wasomaji wazitazame hizi namba tatu pamoja.

Kwenye shule za msingi na sekondari za umma Marekani, kama asilimia 15 ya wanafunzi wanapata elimu maalumu. Hao wanahesabiwa kila mwaka, kati ya Oktoba mosi na Desemba mosi, kwa makundi 13, na jimbo lazima lipeleke hesabu Washington.

Ukiwauliza wenyewe wanafunzi wa vyuo bila kupitia ofisi yoyote, kwenye ule utafiti wa taifa wa mwaka wa masomo 2019–20, asilimia 21 ya wa shahada ya kwanza walisema wana ulemavu au hali ya namna hiyo.

Halafu utafiti mwingine wa wizara hiyo hiyo, uliofuata walioanza chuo miaka ya nyuma kidogo: kati ya wenye ulemavu, waliowahi kukiambia chuo chao ni kama theluthi moja tu.

Kwa hiyo jimbo linapopokea faili la Dawati, linahesabu watu walioleta karatasi. Theluthi mbili wamekaa darasani wamenyamaza. Kisha mbunge anasimama anasema "chuo hiki kina wenye ulemavu asilimia 5", na bajeti inakatwa kwa kipimo hicho. Hili limeniuma kwa miaka mingi, nimeona ofisi ya watu wawili ikihudumia watu mia saba kwa sababu ya namba ya namna hiyo.

#12 Nyakato
Lakini kwa nini wananyamaza? Kama huduma ni bure?

#13 Takwimu Mzee
Mimi naona ni sheria inayogeuka ghafla. Shuleni, shule ndiyo yenye wajibu wa kukutafuta, kukupima na kukuandikia mpango. Siku unapochukua cheti cha sekondari wajibu huo umekwisha. Chuoni wewe ndiwe unayekwenda kubisha hodi, unathibitisha, unaomba, kila muhula. Kijana wa miaka 18 aliyezoea kusemewa na mama anajikuta peke yake kwenye foleni.

#14 Kalamu Butu
Mzee, nakuheshimu, ila kwangu haikuwa hivyo. Nina disleksia, ule ugumu wa kusoma kama wa kijana wa mama, nimesoma Minneapolis. Nilijua mlango ulipo, nilijua hadi rangi yake. Sikuingia kwa sababu nilitaka kuwa mtu asiye na faili. Basi tu. Hujui utamu wa kuingia darasa la kwanza la chuo na hakuna anayejua kwamba wewe ndiye yule aliyekuwa akitolewa nje kila saa nne kwenda chumba cha wasioweza kusoma.

Muhula wa kwanza nikapata mtihani wa historia wa dakika 50. Swali la kwanza nilisoma mpaka ukutani saa ikaonyesha dakika 19 zimekwisha. Nikaandika swali moja na nusu kati ya manne. Majibu ya yale mengine nilikuwa nayo yote kichwani, nikayabeba hivyo hivyo mpaka kituo cha basi, nayasema peke yangu. Wiki ya pili yake nikaingia ule mlango. Mtihani uliofuata nikapewa dakika 75, chumba cha peke yangu, saa ya mezani. Nilimaliza dakika ya 68.

Mama, usimsukume kijana. Ila asisubiri mtihani umfundishe kama mimi.

#15 MamaKelvin
Kalamu, nimesoma bandiko lako mara mbili, nimemwachia simu naye asome. Mungu akubariki mwanangu.

#16 Mwana wa Geita
Niwalete nyumbani kidogo. Mimi nina ualbino, nimesoma chuo kimoja huku Tanzania. Kwetu ukiomba mkopo wa elimu ya juu na una ulemavu, unatakiwa ulete uthibitisho uliosainiwa na Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya. Nikaenda hospitali moja, siku ya kwanza mganga yuko semina. Siku ya pili nimekaa benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa nane nikaingia. Akanitazama, akaitazama fomu, akaniuliza, "Ulemavu wako ni upi?"

Nilinyamaza, maana sikujua nianzie wapi. Nimevaa kofia pana, miwani, ngozi hii hapa anaiona. Kumbe naye kisanduku kilimtaka aandike, na kwenye fomu hiyo alikuwa hajui uoni hafifu na ualbino aviweke mstari mmoja au miwili. Alisaini, sina ugomvi naye. Ninachosema ni kwamba siku mbili na nauli vinatoka mfukoni mwa yule yule mnayemhesabu.

Na lingine. Mwaka wa pili pale chuoni walibandika ubaoni jedwali la takwimu za wanafunzi kwa kila kitivo. Viziwi 4. Wasioona 6. Wenye ualbino 1. Watu wakawa wanapita wanasoma, wakifika hapo wanageuka kunitazama. Huyo 1 ni mimi. Jina halikuwepo.

#17 Takwimu Mzee
Mwana wa Geita, umeeleza kwa mstari mmoja somo ninalolifundisha wiki nzima. Ndiyo maana ofisi nyingi za takwimu huku zinaficha idadi ndogo. Wengi wanaweka mpaka wa 10: ikiwa chini ya hapo, wanaweka nyota badala ya namba. Tena wanaficha na namba ya pili jirani yake, la sivyo mtu anatoa jumla na kuipata ile iliyofichwa.

#18 Binti Shela
Pole kaka yangu wa Geita. Tanzania sasa mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sisi Kenya tunayo ya 2019, na hali ya afya ya mtu imo kwenye taarifa nyeti. Jedwali kama lile leo ungeweza kulilalamikia. Kwetu njia ni kadi: unapimwa hospitali iliyoidhinishwa, kisha unasajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi hiyo ndiyo inayofungua mambo, msamaha wa kodi ukiwamo.

Ila tukizungumzia kuhesabu, sensa ya 2009 ilisema wenye ulemavu Kenya ni asilimia 3.5. Ya 2019 ikasema 2.2. Miaka kumi, watu wameongezeka, ulemavu umepungua? Umeenda wapi?

#19 Omolo
Haujaenda popote, Binti Shela. Maswali yalibadilika. 2019 waliuliza kwa mtindo ule wa kimataifa wa mambo sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Halafu waliohesabiwa ni waliojibu "shida kubwa" au "siwezi kabisa", na kuanzia miaka 5 tu. Mwenye "shida kiasi" yuko nje.

#20 Binti Shela
Na aibu je? Shangazi yangu alimficha binamu yangu chumba cha nyuma siku karani alipokuja. Karani alikunywa chai, akaaga, akaenda zake. Mtoto hakuhesabiwa kabisa, si kama mlemavu wala kama mtu. Kipimo gani kitarekebisha hilo?

#21 Omolo
Aibu ilikuwepo hata 2009, dada. Tena pengine zaidi. Kwa hiyo peke yake haielezi kushuka.

#22 Bwana Mkubwa Tegeta
Haya, uzi umeshavuka mpaka wa Namanga, mama wa watu bado yuko Sacramento na karatasi yake. Rudini jamani.

#23 Mutoto wa Lubum
Niko Phoenix, natoka Lubumbashi. Mimi swali yangu ni ya makaratasi ya uhamiaji. Sisi wakimbizi tunaogopa hivi: kijana akiandikwa kilema huko jimboni, kesho watu wa uhamiaji hawataona? Njo inafanya mutoto yangu asiende ile ofisi. Mimi pia nilimwambia asiende.

#24 Wakili wa Kijijini
Ndugu, swali lako ni zito, nitajibu kwa tahadhari. Kumbukumbu za mwanafunzi zinalindwa na sheria ya 1974 ya faragha ya elimu. Chuo hakiruhusiwi kuzitoa bila idhini yake, ila milango kadhaa imeachwa. Mmoja ni mamlaka ya elimu ya jimbo inapokagua au kutathmini programu, na huo ndio mlango anaoupitia Dawati na faili lake. Mwingine ni amri ya mahakama. Ofisi ya uhamiaji kuomba tu kwa mdomo si mlango.

Pia muda wa ziada kwenye mtihani si posho wala msaada wa fedha. Lakini kanuni za uhamiaji kuhusu nani anaonekana "mzigo kwa umma", yaani mtu wa kutegemea misaada ya serikali, zimebadilishwa 2019, zikafutwa 2021, zikaandikwa tena 2022. Kwa hali ya mtu mmoja mmoja, muone mwanasheria wa uhamiaji, vituo vingi vya wakimbizi vinaye wa bure.

#25 Mutoto wa Lubum
Asante sana. Nitamupeleka.

#26 Mikono Miwili
Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama, niliwahi kufanya kazi vyuoni. Nitetee kuhesabiwa.

Darasa la saa mbili linahitaji wakalimani wawili. Tunabadilishana kila dakika 20 hivi, maana baada ya hapo mikono bado inakwenda ila akili inaanza kudondosha maneno. Niliwahi kupangwa peke yangu, somo la kemia, saa mbili kasoro. Kufika nusu, mwalimu anasema "kloridi" na mimi vidole vinasema kitu kingine. Yule binti kiziwi alinitazama, akaandika kwenye daftari lake: PUMZIKA. Akafunga daftari. Alikosa nusu ya somo kwa kunihurumia. Nilipouliza ofisini nikaambiwa bajeti ni ya mkalimani mmoja kwa sababu mwaka uliopita hesabu ya viziwi ilikuwa ndogo.

Kwa hiyo mnaposema faragha, sawa. Lakini asiyehesabiwa anamwachia mwenzake mkalimani mmoja.

#27 Wakili wa Kijijini
Mikono, hapo lazima nisahihishe. Ofisi hiyo ilikosea kisheria. Sheria ya Wamarekani wenye ulemavu ya 1990 na kile Kifungu cha 504 vinakitaka chuo kizima kitoe mawasiliano yanayofaa, hata kama fungu la jimbo limekwisha. Hesabu inaamua nani alipe: fungu maalumu au mfuko mkuu wa chuo. Haiamui kama binti apate. Msimpe kijana wa MamaKelvin mzigo wa kumfikiria mwenzake ndipo asaini.

#28 Mikono Miwili
Kisheria uko sahihi. Mimi nilikuwa mle darasani.

#29 Dawati la Tatu
Nyote wawili mnasema kweli, na mimi ndiye ninayekaa katikati. Mfuko mkuu upo kwenye karatasi. Kuupata ni barua tatu na mkutano, na muhula ni wiki kumi na sita.

#30 Mtoto wa Leicester
Salamu kutoka Uingereza. Nashangaa mnavyosema ni marufuku kuuliza kabla ya kupokelewa. Huku fomu yenyewe ya kuomba chuo kupitia UCAS, ule mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu, ina swali la ulemavu. Si lazima kujibu, ila lipo, na takwimu zinakusanywa nchi nzima. Nilijibu, na kabla sijafika chuo walishaniandikia kuniuliza nahitaji nini, na posho ya wanafunzi wenye ulemavu ikanilipia programu ya kusoma kwa sauti. Kwangu kuuliza mapema kulinisaidia.

#31 Kalamu Butu
Na kama ungekataliwa chuo, ungejuaje kwamba si kwa sababu ya jibu lile?

#32 Mtoto wa Leicester
Nisingejua. Hilo ni kweli.

#33 Mwana wa Geita
Mimi ningependa tuulize upande wa pili. Hesabu ikishafika juu, inarudi? Nilijaza fomu kwa miaka mitatu. Taa za maktaba hazikubadilishwa, maandishi ya mitihani hayakukuzwa, nilikuwa nakaa mstari wa mbele na darubini ya mkononi niliyonunuliwa na padri. Kama namba yangu ilikwenda mahali, basi ilikwenda peke yake.

#34 Takwimu Mzee
Huo ndio msumari. Huku nako jimbo linadai hesabu ya walioingia ofisini. Kama walimaliza chuo, walipata walichoomba, walisubiri siku ngapi, hayo si kila jimbo linayadai, na swali la Washington haliyagusi kabisa.

#35 Bwana Mkubwa Tegeta
Mimi naona mnazunguka. Wasipohesabu mtasema wametelekezwa, wakihesabu mtasema wanapelelezwa.

#36 Kalamu Butu
Mkuu, yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja siku moja. Mimi yamenipata.

#37 MamaKelvin
Nawashukuru wote. Niwape yaliyotokea.

Jana tulirudi. Kijana ndiye aliyeongea, mimi nilikaa kwenye kiti cha mlangoni. Alikuwa ameandika maswali yenu kwenye simu, akayasoma moja moja, polepole kama anavyosoma. Mstari unaokwenda jimboni una nini? Nani anaweza kuuona? Jedwali la watu wachache mnalificha? Yule dada wa ofisi hakukasirika. Akageuza kioo cha kompyuta akamwonyesha visanduku vilivyo wazi, akamwambia hapa utakuwa msimbo, hapa namba yako, hapa nitaandika kila unapokuja. La jedwali alisema hana hakika, atamuuliza bosi wake.

Kingine alichotuambia: ule mpango wa sekondari wanaupokea kama uthibitisho, ila akihamia chuo kikuu huenda wakataka tathmini mpya, na hiyo ya binafsi inaweza kupita dola elfu moja. Nikashika kichwa.

Kijana akauliza kama anaweza kujaza kila kitu ila kile kisanduku cha kundi akiache. Yule dada akafikiri, akasema hajawahi kuulizwa hivyo, atauliza nalo pia. Tukatoka na fomu ile ile, mikunjo minne. Iko juu ya friji. Mtihani wake wa kwanza ni Alhamisi.

#38 Dawati la Tatu
Mama, huduma zinaweza kuanza kabla hesabu haijapelekwa. Faili la jimbo linakwenda mwisho wa muhula, mtihani ni Alhamisi. Mwambie aombe barua ya muda wa ziada kwanza, la kisanduku lijibiwe baadaye. Mimi kesho nitamuuliza msimamizi wangu swali hilo hilo, maana sasa nami nataka kujua.

#39 MamaKelvin
Hilo hatukuliwaza. Asubuhi anarudi peke yake, amekataa nisindikize.

#40 Nyakato
Binti Shela, ile kadi ya Kenya, mtu aliyezaliwa Kenya akasoma Uganda anaweza kusajiliwa? Mdogo wangu yuko Kampala.

#41 Binti Shela
Nyakato, fungua uzi wake, nitakujibu huko pamoja na Omolo. Huu tumwachie mama mpaka Alhamisi.